Mume wangu ameongezewa siku ya tatu ya kusafisha damu. Nimsaidieje?

SWALI: Shikamoo, muuguzi. Mume wangu ana miaka 54, ni fundi seremala. Kwa mwaka mmoja na miezi minane amekuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kupitia mshipa uliounganishwa mkono wa kushoto. Wiki iliyopita daktari alisema kuanzia mwezi ujao itakuwa mara tatu. Hakutueleza sana, watu walikuwa wengi. Tangu siku hiyo mwenzangu amenyamaza. Anasema figo zimekwisha kabisa na hizo fedha bora ziende kwenye ada za watoto. Uzito wake mkavu, yaani akishatolewa maji ya ziada, ni kilo 60. Alhamisi huenda na kilo tatu na nusu za ziada, Jumatatu karibu tano. Mkojo ni kama kikombe kimoja cha chai kwa siku. Mimi namfichia maji, tunagombana. Je, kuongezewa ndiyo kusema hali imeharibika? Na mimi nyumbani nifanye nini hasa? Mama wa watatu, Kibaha.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo lililomnyamazisha mwenzio. Siku ya tatu si hukumu. Kusafisha damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, ndicho kiwango cha kawaida cha tiba hii. Huku kwetu wengi huanza na mara mbili kwa sababu ya gharama na uchache wa mashine, na kwa muda fulani mwili hukubali, kwa kuwa figo za mtu anayeanza huwa bado zinajikongoja: zinatoa mkojo, zinapunguza potasiamu (madini ya kwenye chakula yanayodhuru moyo yakizidi), zinaisaidia mashine. Mkojo ukishuka hadi kikombe kimoja, msaada huo umeondoka, na mara mbili hazitoshi tena. Ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda kwa walio wengi. Mwambie hivyohivyo, maana wanaume wengi niliowahudumia hujiona wameongezewa siku kama adhabu ya kunywa maji.

Figo nzima hufanya kazi saa zote 168 za wiki. Mashine kwa mara mbili inampa saa 8, kwa mara tatu saa 12. Lakini faida kubwa kuliko hizo saa nne za ziada ni kufupishwa kwa pengo. Sasa hivi, kutoka Alhamisi hadi Jumatatu, anakaa siku nne na maji yote na uchafu wote mwilini. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki. Hata kwao, siku inayofuata lile pengo refu la wiki ndiyo iliyokuwa na vifo vingi zaidi na watu wengi zaidi kulazwa kwa ajili ya moyo. Pengo la mumeo ni refu kuliko lao. Daktari anajaribu kulifupisha.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo utakapoona thamani ya siku ya tatu, na thamani yako wewe.

Mgonjwa akiingia kwetu, hata salamu hazijaisha, anavua viatu na kupanda mzani. Kila kilo iliyozidi uzito mkavu tunaihesabu kuwa lita moja ya maji. Mumeo anaongeza kama lita 1.2 kwa siku, ndiyo maana Alhamisi zinafika tatu na nusu na Jumatatu karibu tano. Mashine ina saa nne tu za kuyatoa. Mwongozo tunaoufuata ni kwamba isivutwe zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 780 kwa saa. Jumatatu yeye anahitaji kuvutwa karibu 1,200. Hapo ndipo presha inaporomoka, vigimbi vinakaza mpaka mtu mzima analia, na moyo unabaki na deni la kila wiki. Najua umemwona akirudi Jumatatu hawezi hata kushika kijiko.

Tukimpanga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Jumatano na Ijumaa atakuja na lita 2.4, sawa na mililita 600 kwa saa. Hiyo ni salama. Jumatatu, baada ya siku tatu, atakuja na lita 3.6, yaani 900 kwa saa. Imepungua sana kutoka 1,200 lakini bado imevuka mstari. Akipunguza ongezeko lake kutoka lita 1.2 hadi lita moja kwa siku, Jumatatu itakuwa lita tatu, mililita 750 kwa saa, ndani ya mstari. Tofauti ni mililita 200 kwa siku. Kikombe kimoja cha chai. Hicho kikombe ndicho kinachotafutwa nyumbani kwako. Mengine mashine itayabeba.

Na kikombe hicho hukipati kwa kuficha maji. Acha kuficha, mdogo wangu. Mwenye kiu utamfichia jagi, atakunywa bombani, na mtapoteza amani bure. Kinachomnywesha ni chumvi. Kijiko cha chai cha chumvi kinadai zaidi ya nusu lita ya maji mwilini, na mtu hawezi kushindana na kiu ya namna hiyo kwa nguvu ya moyo peke yake. Kwa hiyo anzia jikoni: toa vile vidonge vya mchuzi, ng'onda, chipsi za barabarani, na chumvi ya kuongeza mezani. Tumia limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari. Wiki mbili za mwanzo chakula kitaonekana hakina ladha, baadaye ulimi unazoea. Afadhali nyumba nzima mle hivyo kuliko yeye kuwekewa sufuria yake pembeni kama mgeni. Ila usinunue chumvi mbadala ya wenye presha. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na kwake hiyo ni hatari.

Kiasi cha kunywa kwa kawaida ni mkojo wa siku nzima ukiongeza nusu lita. Kwake ni kama mililita 700, isipokuwa daktari awape namba nyingine. Chukua chupa moja, pima mililita 700 kila asubuhi, umkabidhi. Akinywa chai, kiasi hichohicho kinamwagwa kutoka kwenye chupa. Uji, supu, barafu na tikiti maji navyo vinahesabiwa. Chupa iwe mikononi mwake, aigawe mwenyewe. Nimeona nyumba nyingi zikitulia baada ya hilo, kwa sababu mke anaacha kuwa askari na mume anaacha kuwa mwizi. Mzani wa nyumbani ukipatikana, apime kila asubuhi baada ya haja, kabla ya kula, aandike daftarini. Fundi seremala anapenda vipimo. Mpe namba azisimamie yeye.

Potasiamu nayo inataka akili, kwa kuwa haionekani kama uvimbe. Maji ya dafu, parachichi, ndizi, machungwa, nyanya ya kopo na maharage vina potasiamu nyingi. Viazi na mboga za majani zikatwe vipande vidogo, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, ndipo uunge. Siku ya tatu ikianza, huenda daktari akamlegezea kidogo, lakini ngojeni kipimo cha damu kiseme. Kuna kitu kimoja cha pwani ambacho nakisema kwa sauti: asile birimbi, hata za kwenye achari, wala tunda lile linalotoa umbo la nyota ukilikata. Lile la nyota lina sumu ambayo figo nzima huitoa. Kwa mgonjwa wa figo huleta kwikwi zisizoisha, kuchanganyikiwa na degedege. Birimbi zina asidi kali inayoharibu figo.

Protini ndipo familia nyingi zinapopotea, na inaniuma kila ninapoona. Kabla ya kuanza mashine mliambiwa mpunguze nyama, na ilikuwa sahihi. Sasa ni kinyume. Mashine inapoteza sehemu ya protini kila mara, na kwa mara tatu itapoteza zaidi. Kwa uzito wake anahitaji kama gramu 60 hadi 70 za protini kwa siku. Yai moja lina kama sita. Mpe mayai, samaki mbichi asiyetiwa chumvi, kuku, nyama kiasi. Kama ameandikiwa vidonge vya kuzuia fosfeti, madini mengine ya chakula ambayo figo zake haziyatoi tena, avimeze katikati ya chakula, si baada ya saa nzima, maana kazi yake ni kukamata fosfeti ya chakula hichohicho. Soda nyeusi aiache kabisa.

Sasa mkono. Kuongeza siku ni kuongeza sindano: kutoka nne kwa wiki hadi sita. Kuna utafiti wa Amerika Kaskazini wa mwaka 2010 uliowapa wagonjwa 245 mpango wa mara sita au mara tatu kwa wiki. Wa mara sita moyo na presha zao zilikuwa na nafuu zaidi, lakini mishipa yao ilihitaji matengenezo mara nyingi zaidi. Siku ya tatu haimfikishi huko, ila onyo ni lilelile: mshipa ule ndio uhai wake. Kila asubuhi kabla hajaamka kitandani weka ncha za vidole juu yake. Unatakiwa kusikia mtetemo, kama simu iliyozimwa sauti inapoita. Siku usiposikia, msisubiri zamu yake. Nendeni kitengoni asubuhi hiyohiyo, mshipa ulioziba ukiwahiwa unaweza kuokolewa. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu, haulaliwi, haubebi mbao wala ndoo. Tundu la sindano likivuja damu nyumbani, bonyeza kwa kidole juu ya tundu lenyewe na kipande cha gozi safi, inua mkono, usifunge kamba. Ikiruka kwa nguvu au ikikataa kukoma, mpigie mtu wa gari huku ukiendelea kubonyeza.

Wiki za mwanzo msishangae mambo kubadilika. Maji yakitoka vizuri, presha hushuka, na dozi ileile ya vidonge vya presha inaweza kumwangusha bafuni. Uliza mapema vidonge vipi avimeze asubuhi ya siku ya mashine na vipi asubiri. Uzito mkavu nao utapimwa upya. Akirudi, mpe chakula kidogo, alale, na wageni waje siku nyingine. Wengi huniambia baada ya mwezi mmoja uchovu wa siku ile unakuwa mwepesi kuliko ule wa mara mbili, kwa sababu kinachovutwa ni kidogo.

Kuhusu ada za watoto, nakuelewa, na swali hilo si la aibu. Kabla mwezi haujaanza, nenda kaone watu wa bima, kisha afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ukiwa na barua ya daktari inayosema mara tatu. Wahini kabla ya kudaiwa. Asiruke siku hata moja kwa ajili ya nauli bila kutupigia, kwani mara nyingi tunaweza kumsogeza siku. Kulazwa na maji kwenye mapafu kunakula fedha nyingi kuliko nauli mlizookoa. Na kama siku moja mtataka kuzungumzia upandikizaji wa figo, ambao Muhimbili ulianza Novemba 2017, atahitaji kufika akiwa na moyo mzima. Siku ya tatu inamtunzia moyo huo.

Zipo dalili ambazo hazingoji siku yake: kushindwa kupumua akilala chali, miguu kuishiwa nguvu ghafla, moyo kuruka mapigo, kuchanganyikiwa, homa yenye kutetemeka. Usiku wowote, mpeleke.

Na ule ukimya. Ugonjwa huu unagusa usingizi, nguvu za mwili, na mambo ya ndoa pia. Wanaume wengi hupungukiwa hamu au uwezo na hawasemi. Kuna yanayotibika, hasa damu ikiwa chini au dawa ya presha ikiwa ndiyo sababu. Kaa naye siku isiyo ya mashine, mzungumze kama mke na mume, bila chupa wala daftari mezani. Ukiona hapati usingizi, hataki kula, na anasema bora asingekuwepo, tuambie hata kama amekukataza.

Siku mtakayokwenda kupanga ratiba, mwende wote wawili. Ombeni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zamu ya asubuhi kama ipo, ili Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zibaki za karakana. Kupima, kuchora, kupiga randa taratibu kwa mkono wa kulia na kumwelekeza kijana wake anaweza. Mbao abebe kijana.