Nilitoa upepo kwenye matairi ya jirani anayeziba geti letu, akalaumiwa kijana asiye na kosa

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, ninaishi Sinza, Dar es Salaam, na mume wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Figo za mama zimeshindwa kufanya kazi, na kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi tunampeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Inatubidi tuwe tumetoka saa kumi na moja alfajiri. Jirani yetu ana magari mawili, na uwanja wake ameujenga fremu za maduka, kwa hiyo Noah yake huiegesha usiku mbele ya geti letu. Nikipiga honi hutoka na kanzu yake, tayari kwa kwenda msikitini, huliondoa gari na kuomba radhi kwa upole, lakini usiku unaofuata limerudi palepale. Haya yamekwenda miezi tisa. Mama hapendi ugonjwa wake ujulikane, kwa hiyo jirani anaamini kwamba ninawahi kazini.*

*Mwezi uliopita jirani alikuwa amesafiri na funguo. Mama akapita kwa ubavu kati ya gari na ukuta, mguu ukateleza, kiatu kikatumbukia mtaroni. Akaniambia, "Mwanangu, nimekuwa mzigo." Jirani aliporudi na kuegesha tena palepale, nilitoka usiku na njiti ya kiberiti nikatoa upepo kwenye matairi mawili. Asubuhi akamtuhumu kijana anayeosha magari pale kona, kwa kuwa walikuwa wamegombana juu ya malipo, na tangu siku hiyo kijana amefukuzwa mtaani kwetu. Hakuna anayejua ila mimi. Je, nikiri? Na mume wangu anataka kuchimbia vyuma mbele ya geti. Nimwache aendelee?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale mama anapojiita mzigo kwa sababu ya gari la mtu mwingine, nimelazimika kuiweka chini kwanza.

Swali lako la kwanza ninalijibu kwa neno moja: kiri. Kama jambo hili lingekuwa kati yako na jirani peke yenu ningekuwa na subira zaidi, maana aliyechokozwa miezi tisa akateleza usiku mmoja anaeleweka. Lakini yupo mtu wa tatu, ambaye hakuziba geti la mtu wala hakugusa tairi la mtu, naye ndiye anayelipa. Kijana anayeosha magari hana ofisi wala mkataba. Mtaji wake ni ndoo, sabuni, kitambaa, na kuaminiwa na watu wa mtaa mmoja kiasi cha kuachiwa funguo na gari likiwa na vitu ndani. Ukimwondolea huo wa mwisho, ndoo haina kazi. Kila siku unayoendelea kunyamaza inamkosesha kipato cha siku hiyo, na inazidi kumkalisha kwenye vinywa vya watu kama kijana anayeharibu magari ya wateja wake.

Tena usijifariji kwamba ulitoa upepo tu na hukuvunja kitu. Tairi linaloendeshwa bila upepo hukatika ubavuni kwa mwendo mfupi sana, na gari lililolegea upande mmoja huvuta upande huo dereva anapofunga breki. Jirani angeondoka na giza bila kutazama chini, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa.

Basi nenda kwake jioni, baada ya swala ya isha, siku ambayo mama hana zamu ya hospitali na wewe hujachoka. Nenda na mume wako, na kama mke wa jirani yupo, naye akae asikie, kwa sababu maneno haya yakimfikia kwa kusimuliwa yatamfikia yakiwa yamebadilika. Useme kwa ufupi: yule kijana hakuhusika, upepo nilitoa mimi, ninaomba unisamehe, na ninaomba twende pamoja tukamsafishe. Uishie hapo. Usiunganishe na neno "lakini", hata ikiwa la geti limekujaa kifuani, kwa maana radhi yenye "lakini" mtu huisikia kama mashtaka. Atanyamaza kidogo, pengine atakasirika, na haki hiyo anayo. Kisha atauliza kwa nini, na akiuliza yeye mwenyewe ndipo utakapomweleza habari za geti, naye atakuwa ameyataka maneno hayo.

Kijana atafutwe siku ileile au kesho yake asubuhi. Alituhumiwa mbele ya watu, kwa hiyo asisafishwe kwa simu wala kwa kuitwa pembeni, bali palepale kona, wenzake wakiwepo, jirani akisema alikosea kumtuhumu na wewe ukisema ni nani aliyefanya. Itakuaibisha, ninajua. Muulize pia alikuwa akipata kiasi gani kwa siku, hesabuni siku alizokosa, mumlipe. Asipotaka kurudi mtaani kwenu msimlazimishe, lakini fedha yake apewe.

Nimekuwa mkali kwako, na sasa ninataka nisimame upande wako, kwa sababu kosa lako halijalifuta la jirani. Kuna watu wanaoziba geti la mwenzao kwa kiburi, na hao angalau mtu anajua jinsi ya kugombana nao. Jirani yako ni wa aina inayochosha zaidi: hutoka, husalimia, huomba radhi, huliondoa gari, na usiku unaofuata hufanya vilevile. Upole wake umekufunga mdomo, maana utamgombezaje mtu anayekuomba radhi? Lakini radhi inayoombwa alfajiri tatu kila wiki kwa kosa lilelile imekuwa ada ya maegesho, analipa kwa maneno na wewe unampa nafasi. Ninadhani hajawahi kulitazama jambo hili kwa macho yako. Yeye hufika saa nne ya usiku, akaona geti limefungwa, taa imezimwa, mtaa umetulia, na moyo wake ukamwambia kwamba hapa hapana anayesumbuka. Geti lililofungwa usiku, machoni pa anayetafuta pa kuegesha, ni ukuta tu. Saa ambayo ukuta huo unageuka kuwa njia ya mgonjwa, yeye huiona akiwa na usingizi, kwa dakika mbili, kisha huenda zake msikitini. Kwa kuwa ni mtu wa swala, hana haja ya kufundishwa nami kwamba Mtume alihesabu kuondoa njiani kinachowaudhi watu kuwa ni katika imani.

Ninyi wa Sinza pia mnabanwa na namna mtaa wenu ulivyozaliwa. Viwanja vile vilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, kwa familia za kipato cha chini ambazo hazikutarajiwa kuwa na gari, achilia mbali mawili. Vilikuwa vidogo tangu mwanzo. Baadaye watu wakajenga mpaka ukingoni, wakaongeza vyumba vya kupangisha, kisha fremu mbele, na ule uwanja mdogo ambao ungebeba gari ukageuka duka la vocha na saluni. Simlaumu mtu kwa kutafuta riziki kwenye kiwanja chake. Ninachosema ni kwamba jirani anapokea kodi ya fremu zake, na gharama ya kukosa pa kuweka gari ameihamishia kwa mama yako, anayepita kwa ubavu penye mtaro.

Sheria nayo haiko upande wake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuliacha gari mahali linapozuia njia ya watumiaji wengine, na askari wa usalama barabarani wana mamlaka ya kuliondoa gari la namna hiyo na kumtoza mwenyewe faini. Nakutajia hayo ili ujue kwamba unapoomba geti lako liwe wazi hauombi fadhila. Sitaki uanze nayo, kwa kuwa mtakuwa mkionana kila siku kwa miaka mingi baada ya askari kuondoka.

Sasa nikuulize jambo. Katika miezi tisa hiyo, ni lini ulimwambia jirani maneno kamili, mmekaa, bila honi? Barua yako inataja honi, inataja radhi zake, inataja njiti ya kiberiti, wala haitaji mazungumzo. Ninaelewa sababu: mama hapendi ugonjwa wake uzungumzwe. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa usiri umemfanya jirani apime usumbufu wake kwa mizani ya mtu anayewahi kazini, ambaye akichelewa dakika kumi ataomba udhuru kwa bosi. Mashine ya kusafisha damu haina udhuru. Mgonjwa huunganishwa kwa muda wa saa nne hivi, mwingine anangoja zamu yake, na anayechelewa huweza kupunguziwa muda wake mwenyewe, akarudi nyumbani na maji na uchafu ambao ulipaswa kutoka mwilini. Hayo jirani hayajui.

Zungumza na mama kwanza. Mwombe ruhusa ya kusema neno moja tu kwa nyumba ile moja: kwamba anahudhuria hospitali kila wiki na hawezi kutembea mbali. Figo zisitajwe kama hataki. Mwambie pia, kwa maneno yako mwenyewe na umemshika mkono, kwamba mzigo mnaoubeba ni gari lililo getini na wala si yeye, maana neno lile alilolisema mtaroni bado analo, nakuhakikishia, hata kama hajalirudia.

Nilipoona katika barua yako kwamba jirani huamka kwa swala ya alfajiri, saa ileile mnayotoka ninyi, nilifikiri nimepata suluhu nyepesi: aliondoe gari siku tatu hizo kabla ya kutoka, na mambo yaishe. Kisha nikaliacha wazo hilo, nawe usilikubali akilipendekeza. Mgonjwa wa figo hujaa maji kati ya siku moja ya mashine na nyingine, na pumzi inaweza kumbana usiku wowote, Jumapili saa nane, jirani akiwa amesafiri na funguo kama mwezi uliopita. Mnachohitaji ni geti lililo wazi usiku kucha, siku zote saba, na hicho ndicho cha kuomba, kwa sauti ya upole lakini bila kupunguza. Ukitaka kumsaidia, ulizeni pamoja mtaani nani ana uwanja wenye nafasi na mlinzi, kwa maana wapo wanaolaza magari ya watu kwa malipo kidogo. Fremu zake zinaweza kuyabeba malipo hayo.

Kuhusu vyuma, mzuie mume wako. Eneo la nje ya geti lenu ni njia ya umma, na barabara za mitaa tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Akichimbia vyuma bila kibali, kesho mtakuwa ninyi ndio wenye kosa, na jirani atakuwa na la kusema. Tena fikirieni gari la taka linapogeuza, au gari la zimamoto mliloliita kwa 114 likikwama kwenye vyuma vyenu wenyewe. Geti ni mali yenu, basi liandikeni kwa rangi, kwa herufi kubwa zinazosomeka usiku: "Tafadhali usiegeshe gari hapa, geti linatumika saa 24". Fungeni na taa juu yake iwake mpaka asubuhi, kwa sababu geti lenye mwanga halifanani tena na ukuta.

Mpe wiki mbili tangu mtakapozungumza. Gari likirudi, nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji na barua fupi yenye tarehe za siku mlizozibiwa, pamoja na picha, mkaombe aitwe mkae pamoja. Ikishindikana hapo, trafiki wapo. Ila picha usianze kuzipiga leo. Leo usiku mweleze mume wako habari ya njiti ya kiberiti, kabla hajatoka kwenda kununua vyuma.