Kwa Unayeanza Kazi Kati ya Hospitali na Halmashauri Huku Wales

Hivi karibuni nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji ambaye, kama mimi, ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyesajiliwa huku Wales. Ameteuliwa kuwa mratibu katika timu ya ushirikiano wa kanda, anayeunganisha bodi ya afya, yaani chombo kinachoendesha hospitali za eneo, na halmashauri, na ameniuliza aanzie wapi. Nilimjibu kwa kifupi, lakini kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnaitamani nafasi ya namna hiyo, nimeona niandike kwa kirefu yale ambayo hakuna aliyeniambia nilipoanza.

Jambo la kwanza, mdogo wangu, ni kuelewa kwamba ugomvi utakaoukuta ofisini ulikuwapo kabla hujazaliwa. Tarehe 5 Julai 1948, siku ambayo NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ilianza kuwatibu watu bila malipo, ndiyo siku ambayo sheria nyingine iliziachia halmashauri kazi ya kuwatunza wazee na wenye ulemavu, kwa malipo yanayotegemea uwezo wa mtu. Kwa hiyo mgonjwa anapokuwa kitandani hospitalini halipi chochote, ila akirudi nyumbani na kuhitaji wa kumwogesha na kumlisha, swali la fedha linaanza, na kila upande unatamani jibu liwe kwa mwenzake. Sheria ya Huduma za Jamii na Ustawi ya Wales ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2016, ilijaribu kuziba ufa huo kwa kuunda bodi 7 za ushirikiano wa kanda, zinazofuata mipaka ya bodi za afya, ambamo halmashauri zote 22 zinaketi pamoja na wawakilishi wa asasi za kiraia, watoa huduma, walezi wa familia na wananchi. Ukipangiwa kaunti ya Powys umebahatika, kwa sababu huko bodi ya afya moja inashughulika na halmashauri moja tu. Ukipelekwa kaskazini, bodi moja ya afya inakabili halmashauri 6, kila moja na bajeti yake na madiwani wake.

Nilipopewa kazi hii nilikuta wodi ambayo wazee kadhaa walikuwa wamepona kiasi cha kuondoka, na bado hawakuwa na pa kwenda. Mmoja wao alihitaji mtu wa kumwangalia usiku. Daktari alisema matibabu yamekwisha. Halmashauri ilisema hali yake ni ya kiafya, kwa hiyo NHS ndiyo ilipie huduma endelevu, yaani matunzo ya muda mrefu ambayo NHS huyalipia yote kwa mtu ambaye hitaji lake kuu ni la kiafya. Wauguzi waliofanya tathmini walisema hajafikia kiwango cha kuipata. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini pale hapakuwa na aliyetaka kuitwa nahodha. Vikao vilifanyika, kumbukumbu zikaandikwa kwa ufasaha mkubwa, na mzee akaendelea kulala palepale huku miguu yake ikizidi kudhoofika, maana mtu wa umri ule anayekaa kitandani hupoteza nguvu za misuli haraka kuliko anavyoweza kuzirudisha.

Niliacha kuhudhuria vikao kwa simu, nikahamishia dawati langu wodini. Kisha niliwaomba mameneja wa pande zote mbili watie saini karatasi ya ukurasa mmoja tu: mtu anarudi nyumbani kwanza, gharama zinatoka kwenye mfuko wa pamoja, na mzozo wa nani alipe unaamuliwa baadaye bila upande wowote kuhesabiwa kuwa umekubali deni. Msingi wake haukuwa mpya, kwa kuwa sera ya Wales yenyewe inataka mtu apate nafuu kwanza nyumbani ndipo mahitaji yake ya muda mrefu yapimwe. Kilichokuwa kipya ni saini. Mzee aliondoka, wengine wakafuata, na utaratibu ule ukaenea hadi wodi za jirani. Najivunia kazi ile, na sioni sababu ya kuificha fahari hiyo. Ripoti ya mwaka ilipotoka, utaratibu wangu ulielezwa kuwa ni matunda ya uongozi wa mtu ambaye hakuwahi kukanyaga wodi ile. Kiongozi niliyemuuliza alinijibu kwamba ushirikiano ni kazi ya wote. Ni kweli, ila nimeona kwamba wanaoisema kweli hiyo kwa wepesi ni wale ambao majina yao yamechapishwa.

Basi nakusihi, tafuta fedha ziliko kabla hujatafuta maelewano. Katika kila kikao uliza gharama hii inatoka kwenye fungu la nani, na usiondoke bila jina la mtu mmoja aliyekubali. Jina la idara halitoshi. Wajue watu wenyewe: mpangaji wa huduma za nyumbani, mtaalamu wa tiba kazi, muuguzi msimamizi wa zamu ya mchana, na binti wa mgonjwa anayeacha kazi yake ili aje kumtunza, ambaye mara nyingi anajua mengi kuliko faili. Narudia, wajue watu. Usidhani mfumo wa kompyuta utakufanyia kazi hiyo. Mfumo wa taifa wa kumbukumbu uliokusudiwa kutumiwa na bodi zote za afya na halmashauri zote ulichelewa mno, kama wakaguzi wa Audit Wales walivyoeleza mwaka 2020, na mimi binafsi nimewahi kumwona mgonjwa akisimulia maisha yake upya kwa kila mgeni aliyefika na fomu. Ukiona hivyo ukanyamaza, wewe nawe umekuwa sehemu ya foleni hiyo. Hatukusomea kazi hii ili tuwe wapeleka barua kati ya ofisi mbili.

Msomaji wangu aliuliza pia kama aiache nafasi yake ya kudumu kwenye halmashauri. Mfuko wa Ujumuishaji wa Kanda, unaolipia nyingi ya timu hizi, ulianza Aprili 2022 na ulipangwa kwa miaka 5, yaani hadi Machi 2027. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, uliza kwa maandishi mshahara wako unatoka kwenye mfuko upi na nini kitafuata mfuko huo ukifikia mwisho. Omba uazimwe kutoka halmashauri badala ya kujiuzulu, na barua ya kukurejesha kwenye nafasi yako uipate mkononi kabla ya siku ya kuanza kazi.