Barua kwa mwanangu: kwa nini bata bukini akasingiziwa ujinga

Mwanangu mpendwa,

Huku wote wazima, baba yako anakusalimia sana. Meseji yako nimeiona, ile unayouliza kwa nini huyo bibi unayemhudumia hapo Leeds kila ukisahau kitu anakuambia "silly goose", yaani bata bukini mjinga, na je ni tusi, na ndege wote hao duniani kwa nini bata bukini. Nimeona nikuandikie tu maana kwenye simu mtandao unakatakata, na hili jambo liko moyoni mwangu, si unajua mama yako kafundisha bayolojia na hao ndege kawafuga.

Tusi sio. Waingereza hilo neno wanamwambia mtoto au mtu waliyemzoea, amwambie adui yake wapi, kwa hiyo usilale na kinyongo. Ila hilo la bata bukini kuwa mjinga, hapo mama mi sikubaliani nao kabisa, yule ndege kasingiziwa.

Angalia kwanza walikuwa wanamuona wapi. Wa Ulaya alitokana na yule wa porini wa rangi ya kijivu, watu wakamfuga vizazi na vizazi wakawa wanachagua walionona tu, mpaka akawa mzito hawezi kuruka vizuri, sasa ndege kaumbiwa maji na anga we unamuweka uani kwenye tope, lazima atembee anayumbayumba, na mtu yeyote akipita anapiga makelele, basi watu wanacheka. Halafu msimu wa sikukuu ukikaribia wanaswagwa sokoni. Hapohapo Uingereza walikuwa wanatembezwa kwa miguu makundi kwa makundi kutoka Lincolnshire na Norfolk mpaka Nottingham na London, na ili miguu isichubuke njiani walikuwa wanapitishwa kwenye lami kisha kwenye mchanga, hivyo ndo vikawa viatu vyao! Nottingham mpaka leo kuna tamasha la kila mwaka linaitwa kwa jina la ndege huyo. Sasa mwanakijiji kasimama mlangoni kwake anaona msururu mrefu unamfuata wa mbele kwa utiifu wote kuelekea kwenye kisu, atasema nini? Atasema hawa hawana akili. Lakini we niambie, nani aliwaambia njia inaishia wapi.

Na huko kufuata ndo akili yenyewe. Kuna mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, alikaa sana na hawa ndege akachunguza vifaranga, akaona kifaranga akishatoka kwenye yai, kile kitu cha kwanza anachokiona kinatembea mbele yake ndo anakishika kuwa mama, na walioanguliwa wakamuona yeye wakawa wanamfuata yeye, akienda nao wapo, akiingia majini kuogelea nao wapo. Ukiangalia haraka utasema ujinga huu, kifaranga anamfuata mzee mwenye ndevu! Ila fikiria kule porini. Kifaranga wa bata bukini haletewi chakula kiotani, siku ya kwanza ya pili tayari anatakiwa atembee ale mwenyewe, na mbweha yupo kwenye majani, akikaa ajiulize huyu ni mama au sio mama kashaliwa. Anayetangulia mbele yake porini karibu kila mara ni mama yake kweli. Lorenz ndo aliyejiweka pale pasipo pake.

Lingine ni la yai, hili darasani nilikuwa nalipenda kuliko yote. Kiota cha hawa ndege kiko chini, kwa hiyo yai linaweza kubiringika likatoka nje. Jike akiliona ananyoosha shingo, anaweka mdomo kwa upande wa mbali wa yai, anaanza kulivuta taratibu kurudi kiotani, huku mdomo unaenda kulia na kushoto lisimponyoke. Lorenz na mwenzake Mholanzi, Niko Tinbergen, wakaandika mwaka 1938 kwamba akishaanza kuvuta, hata ukiliondoa yai anaendelea kuvuta hewa tupu mpaka afike kiotani. Wale wawili pamoja na mwanasayansi mwenzao Karl von Frisch walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1973, kazi yao hii ya tabia za wanyama ikiwemo. Watu wakisikia hiyo ya kuvuta hewa wanacheka sana. Mi sicheki mwanangu, we mama gani huyo ambaye mwili wake umeshikilia kumrudisha mtoto ndani hata wakati hakuna tena wa kurudishwa. Niliwahi kusimama mbele ya darasa sauti ikanikwama.

Kuna na suala la manyoya. Kila mwaka baada ya kuzaa bata bukini wa porini anapukutisha manyoya ya kurukia yote kwa mkupuo, karibu mwezi mzima haruki. Watu wa kaskazini kwenye baridi walikuwa wanausubiri muda huohuo, wanawazunguka wanawaswaga kwenye nyavu kwa wingi. Kumkamata kirahisi namna hiyo kunamfanya aonekane bwege, na ni ndege hawa hawa, wapo wa jamii ya Asia ya Kati wanaovuka milima ya Himalaya wakienda India, wamefungwa vifaa vya kufuatilia wakaonekana wamepita mita 7,000 juu! Huko hewa ya kuvuta ni ya shida, wao wanapiga mbawa.

Zamani hata hawakudharauliwa. Roma kwenye mwaka 390 K.K., inasimuliwa maadui wa Warumi, Wagauli, walipanda kilima cha Capitolium usiku kimyakimya, mbwa hawakubweka, ni bata bukini wa mungu wao Juno ndo walipiga kelele, Mrumi mmoja, Marcus Manlius, akaamka akamsukuma adui wa kwanza akaanguka. Baadaye Warumi walikuwa kila mwaka wanambeba bata bukini kwa heshima na mbwa wanaadhibiwa. Zile kelele zinazochekwa ndo zilizookoa mji. Na Uskoti kule Dumbarton maghala ya wiski yalikuwa yanalindwa na kundi la bata bukini kuanzia mwaka 1959, kwa zaidi ya miaka 50.

Lakini dharau ilishaingia kwenye midomo. Shakespeare kwenye tamthilia yake ya Macbeth mtumishi anakuja amepauka kwa woga, bwana wake anamuuliza hiyo sura ya bata bukini kaitoa wapi. Wafaransa wanasema mjinga kama bata bukini, Waturuki wanasema kichwa cha bata bukini, yaani wamekubaliana bila kikao. Na Wajerumani wana la kwao, "dumme Gans", bata bukini mjinga, hilo wanaambiwa wanawake, na Wafaransa nao msichana aliyelelewa ndani asijue lolote la dunia wanamwita bata bukini mweupe. Hapo ndo panaponiuma. Wa kuchunga hao ndege vijijini Ulaya walikuwa wasichana na kina mama, wa kuwalisha wao, wa kuwanyonyoa wao, na mi naona dharau ya ndege na dharau ya mchungaji wake zilikua nyumba moja.

Kwa hiyo mdogo wako akija kwenda kusoma Ujerumani mwakani, mweleze tofauti. Hilo la Kijerumani halina mahaba ndani yake, mtu akimwambia asicheke ili kumridhisha, amjibu.

Nakupenda sana,
Mama