Faili linapokataa kuingia kwenye jedwali: kwa wanaoanza kazi ya data Mwanza

Kijana anayeanza kazi ya data katika ofisi za hapa Mwanza, iwe ni ofisi inayokusanya takwimu za mialo ya samaki, chama cha akiba na mikopo au zahanati, kwa kawaida hukabidhiwa faili la CSV (maandishi matupu ambayo thamani zake hutenganishwa kwa mkato) lililotoka kwenye Excel na kuambiwa aliingize katika hifadhidata kabla ya jioni. Faili likikataa, haraka humsukuma kulegeza masharti ya jedwali mpaka data ipite. Nawasihi msifanye hivyo, kwa sababu faili lililokataliwa bado linaweza kurekebishwa, ilhali faili lililopita na makosa yake hugunduliwa pale taarifa inapokuwa imekwisha kupelekwa kwa wakubwa.

Makosa ya ruhusa yasiwachukulie muda mrefu. Kosa namba 1290 la MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, kwa kawaida huonyesha kwamba seva imewekewa mpangilio wa secure_file_priv, hivyo inasoma faili kutoka folda moja tu iliyoteuliwa. Katika PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, amri ya COPY ya kuingiza data hutafuta faili kwenye mashine ya seva, wala si kwenye kompyuta mliyokalia. Kama faili liko kwenu Kirumba na seva iko kwingine, tumieni \copy ya programu ya psql, ambayo husoma faili upande wenu. Hapo data yenyewe haina hatia.

Ujumbe ukisema kwamba mstari una thamani nyingi kuliko safu (column) za jedwali, tafuteni mkato uliojificha ndani ya thamani. Karani aliyeandika bei kuwa 12,500 bila kuizungushia alama za kunukuu ameigawa kuwa safu mbili. Namba ya mstari iliyotajwa ni mahali mashine iliposhindwa kuendelea, na pengine kosa lilianza juu zaidi: alama ya kunukuu iliyofunguliwa bila kufungwa yaweza kumeza mamia ya mistari, kisha lawama ikaangukia mstari wa mwisho wa faili.

Kwa ukanda wetu, tatizo linalostahili kusomwa kwa utulivu ni ritifaa, ile alama ya ' ndani ya neno. Majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng', pamoja na majina ya mahali kama Nyang'hwale, huandikwa na programu za ofisi kwa ritifaa iliyopinda, na faili likihifadhiwa kama CSV ya kawaida kwenye Windows, alama hiyo mara nyingi huwa baiti moja, 0x92, ambayo haikubaliki katika UTF-8, usimbaji (namna ya kuandika herufi kwa baiti) ambao hifadhidata huutarajia. PostgreSQL hulikataa faili zima na kuitaja baiti hiyo. Dawa ni kuhifadhi faili upya kwa kuchagua CSV ya UTF-8, au kuieleza amri ya COPY kwamba usimbaji wa faili ni WIN1252, yaani ule wa Windows. Msiifute ritifaa ili kupata njia ya mkato, maana jina lililopungukiwa halitalingana tena na jedwali la wilaya. Hata ikipita salama, ritifaa iliyopinda na iliyonyooka ni herufi mbili tofauti kwa hifadhidata ijapokuwa jicho huziona karibu sawa. Hivyo kosa namba 1452 la MySQL, linalolalamikia ufunguo wa kigeni (thamani inayotakiwa iwepo kwanza katika jedwali jingine, liitwalo jedwali mama), laweza kujitokeza wakati wilaya ipo kabisa katika jedwali mama. Zibadilisheni zote ziwe za aina moja kabla ya kulinganisha.

Namba za NIDA zina hatari ya namna nyingine, kwa kuwa hazileti kelele. Namba hiyo ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ikiandikwa na vistari vyake hubaki kuwa maandishi na haidhuriki. Ikiandikwa mfululizo kwenye kisanduku ambacho hakikupangwa kuwa maandishi, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri, wala hakuna fomula ya kuzirudisha. Namba za simu nazo hupoteza sifuri ya mwanzo. Mkiona kosa namba 1062, linalosema ufunguo (thamani isiyotakiwa kufanana kwa mistari miwili) umejirudia, msikimbilie kufuta mtu mmoja mkidhani ameandikishwa mara mbili. Huenda ni watu wawili ambao tarakimu zao 15 za kwanza zinafanana. Rudini kwenye fomu za karatasi.

Tarehe nazo zina ujanja wake. PostgreSQL iliyopangwa kusoma mwezi kwanza itaikataa 13/04/2024, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, lakini itaipokea 03/04/2024 na kuifanya tarehe 4 Machi. Anayerekebisha mistari iliyokataliwa peke yake ameacha kosa ndani ya ile iliyokubaliwa, na samaki wa Aprili watahesabiwa katika Machi. Badilisheni mpangilio wa datestyle uwe wa siku kwanza, kisha ingizeni faili lote upya.

Kwa sababu hizo, mimi hupendelea kuanza na jedwali la mapokezi ambalo safu zake zote ni za maandishi na halina ufunguo wowote. Faili huingia humo kwa urahisi, na ukaguzi hufanywa kwa maswali ya SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata: ni mialo ipi haimo katika orodha, ni kilo zipi si namba, ni tarehe zipi hazisomeki. Yaliyo safi huhamishiwa kwenye jedwali halisi ndani ya muamala (transaction) mmoja, ili likitokea kosa lolote yote yarudi nyuma. Kuzima ukaguzi wa funguo za kigeni katika MySQL ni jambo baya kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mkiuwasha tena haurudi kuikagua mistari iliyokwisha kuingia. Vilevile, LOAD DATA, amri ya MySQL ya kuingiza faili, ikitumiwa pamoja na neno LOCAL (faili lililo upande wenu) hugeuza makosa mengi ya thamani kuwa maonyo tu. Endesheni SHOW WARNINGS, inayoonyesha maonyo hayo, papo hapo, kabla ya amri nyingine.

Baada ya hapo linganisheni idadi ya mistari na jumla ya kilo za sato, sangara na dagaa, kila mwalo peke yake, na daftari la karani wa mwalo huo. Faili la asili lisiguswe. Marekebisho yote yaandikwe katika faili la SQL lenye tarehe, kwa kuwa mwezi ujao karani yuleyule wa Kayenze ataleta faili lenye makosa yaleyale.