Muulize Shangazi: Madera yangu niyapeleke mtandaoni?

*Shikamoo Shangazi. Nina kiduka cha madera hapa Likoni. Rafiki yangu ananishawishi niyaweke kwenye soko la mtandaoni, eti nitauza mpaka Kisumu. Mwengine anasema nitaliwa na makato. Nifuate la nani?*
*Msomaji, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Wote wawili wamesema kweli, ila hakuna aliyekupigia hesabu.

Tuseme dera limekufikia dukani kwa shilingi 450, nawe waliuza 700. Kamisheni hutegemea soko na aina ya bidhaa. Tushike asilimia 12 kwa mfano tu. Hiyo ni shilingi 84. Mfuko wa kufungia, 15. Faida yako ya 250 imeshuka hadi 151, na mzigo bado haujavuka feri. Tena pesa haziingii papo hapo. Zinangoja siku ya malipo, ilhali mwenye jumla wa Marikiti anataka zake leo.

Hata hivyo mimi nauza huko na sitoki. Idi ikikaribia, napata oda za Eldoret na Kakamega, kwa watu ambao mlango wa duka langu hawataukanyaga maisha.

Penye kuuma ni marejesho. Niliwahi kurudishiwa dera limekunjwa vizuri, eti halijavaliwa, na shingoni linanukia udi. Harusi ilikuwa tamu, bila shaka! Mteja alirudishiwa pesa zake, mimi nikabaki na dera la kufua. Mengine lakini twajitakia wenyewe. Dera la damu ya mzee ukilipiga picha chini ya taa ya dukani, latoka jekundu; mteja akilipokea ataona ametapeliwa. Litundike nje asubuhi, upige na shingo kwa karibu darizi ionekane. Andika urefu kwa inchi, maana "saizi moja" haimfichi miguu mwanamke mrefu.

Kiduka usikifunge. Novemba 2019 Jumia ilifunga soko lake la mtandaoni Tanzania, na wauzaji waliokuwa na mlango huo mmoja ilibidi watafute mwengine. Wateja wako wa WhatsApp ni wako. Wa sokoni ni wa mwenye soko, hata namba zao pengine huzioni.

Kwa hivyo anza na mitindo mitano ile inayotoka sana, kwa bei iliyokwisha kubeba makato. Ukiona kwa bei hiyo halinunuliki, hilo libaki Likoni. Na kila mtindo uuwekee akiba kabatini, usiiguse hata jirani akija na pesa mkononi. Oda ikiingia ukasema limekwisha, soko hukuhesabia kosa, na makosa yakizidi bidhaa zako husukumwa chini ambako hakuna anayefika kutazama.