Maswali yenu: boraksi, maziwa ya maji na wachakachuaji wa zamani

Swali: Naomba kipimo kimoja cha kutambua chakula chochote kilichochakachuliwa.

Hakipo, hakijawahi kuwapo, na swali hili limenichosha. Kila kipimo hujibu jambo moja tu. Ukidondosha iodini kwenye maziwa yakageuka bluu, umejua yana wanga. Kuhusu maji hujajua lolote. Utasema basi tumia laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa. Wachuuzi wa karne ya 19 waliifahamu kuliko wewe. Maziwa yaliyoenguliwa malai husoma mazito zaidi, nao wakayashusha kwa maji mpaka laktomita ikaridhika. Mnunuzi kapunjwa mara mbili, na kipimo kimempa mwizi cheti.

Swali: Boraksi, ile chumvi iliyotumika kuhifadhi chakula, ilipimwaje?

Chakula kiliunguzwa kikabaki jivu, jivu likatiwa asidi ya hidrokloriki, kisha ikachovywa karatasi iliyotiwa bizari (manjano). Ikikauka ikawa nyekundu, na tone la amonia likaugeuza wekundu huo kuwa kijani cheusi, boraksi ipo. Msiruke asidi! Manjano huwa mekundu hata kwa magadi, na mtu asiye na hatia ataitwa mwizi.

Swali: Ni kweli Marekani iliwalisha watu sumu makusudi?

Ndiyo, na kwa hiari yao. Mwaka 1902 Harvey Wiley, mkuu wa kemia katika Wizara ya Kilimo, alikusanya vijana mjini Washington, akawapa chakula bure chenye vihifadhi vya wakati ule. Alianza na boraksi, baadaye zikafuata asidi ya salisiliki, salfaiti, benzoeti na fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti. Boraksi aliificha kwenye siagi. Vijana wakaistukia, wakaacha siagi. Mwishowe ikabidi wameze vidonge waziwazi.

Hapo ndipo ninapowashangaa wanaomsifu bila kusoma. Mtu anayejua amemeza dawa huumwa tumbo haraka, na hapakuwa na kundi la pembeni lililokula vyakula vile vile bila dawa. Majaribio yake yalisaidia kusukuma sheria ya Marekani ya vyakula na dawa ya mwaka 1906, na sheria ile ilikuwa ya lazima. Lakini kuhusu benzoeti alishindwa: jopo la mkemia Ira Remsen lilisema mwaka 1909 kwamba kiasi kidogo hakidhuru, na hadi leo inatumika. Anayeniandikia kwamba kila kihifadhi ni sumu aanze kwa kutaja kihifadhi gani, na kiasi gani.

Swali: Fomalini kwenye maziwa ilikuwa ya nini?

Kuchelewesha kuchacha. Ubaya wake ni kwamba vijidudu vya maradhi vingeweza kubaki huku pua ikidanganywa.

Swali: Uingereza sheria zililetwa na wanasayansi?

Kwa sehemu. Mkemia Frederick Accum aliandika kitabu kuhusu uchakachuaji mwaka 1820 akitaja wafanyabiashara waliotiwa hatiani. Daktari Arthur Hill Hassall akaleta hadubini, akaona chikori, mzizi wa bei nafuu uliochanganywa, ndani ya kahawa, jambo ambalo wakemia walidai haliwezekani. Jarida la kitabibu la Lancet likachapisha majina na anwani za wauzaji.

Kisha mji wa Bradford, mwaka 1858: mtengeneza pipi alitaka jasi ya kupunguzia sukari, akauziwa aseniki, ambayo ni sumu kali. Walikufa watu takriban 20, na kesi ikaanguka. Sheria ya 1860 iliyofuata iliacha uajiri wa mpimaji wa chakula uwe hiari ya kila eneo, na maeneo mengi hayakuajiri.