Maswali ya Wasomaji: Nyimbo za Marijani Jukwaani Tabora

SWALI: Tunaandaa onyesho la kumuenzi Marijani Rajab, mwimbaji wa muziki wa dansi wa Tanzania. Tuna magitaa matatu (solo, ridhimu na besi), kinanda, drams, tumba, tarumbeta na saksafoni alto. Mwimbaji wetu ana sauti nzito, kwenye vibwagizo vya juu anakaukiwa. Tukishusha wimbo, wapuliza vyombo wanagongana na magitaa. Tatizo nini?
Mpiga ridhimu, Ng'ambo, Tabora

JIBU: Tatizo ni kwamba kila mtu anataja ufunguo (noti ambayo wimbo umesimamia, kama G au F) wa chombo chake. Anzeni na mwimbaji. Akae na mpiga kinanda peke yao, aimbe kibwagizo cha juu kuliko vyote mara tatu mfululizo, kwa nguvu ileile ya usiku wa onyesho. Akibana koo, shusheni nusu toni mrudie. Msishuke mno, maana beti za chini zitamezwa na besi. Na kila wimbo upimwe peke yake: ufunguo unaomfaa kwenye Georgina, ya enzi za bendi yake ya Safari Trippers, si lazima umfae kwenye Zuwena ya bendi yake ya Dar International.

Tuseme mmetoka G mkaangukia F. Wapiga magitaa watanuna, kwa kuwa F inawanyima nyuzi zilizo wazi. Basi walegeze nyuzi zote toni moja, E ya chini iwe D; vidole vinabaki kwenye G, sauti inatoka F. Nyuzi nyembamba za namba 9 zitalegea na kugonga vyuma vya shingo, kwa hiyo fungeni nene zaidi, za 11. Sasa mpiga solo akiulizwa atajibu "G", kwa sababu ndiko viliko vidole vyake, na mpiga tarumbeta atamwamini. Hapo ndipo mnapogongana. Utajwe ufunguo mmoja tu, wa kinanda: F. Tarumbeta ya Bb (C yake hutoka Bb ya kinanda) ipige G yake, alto ya Eb (C yake hutoka Eb) ipige D yake. Kinanda nacho kisiguswe kile kitufe cha kuhamisha ufunguo, la sivyo mtakuwa na waongo wawili, gitaa na kinanda.

Msitunie kwa kufuata kanda za nyimbo hizo. Mota ya kinasa ikienda mbio kidogo tu, wimbo mzima unapanda, unakaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Tunieni A ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), basi.

SWALI: Mwimbaji wetu akisogelea maiki sauti inavuma, akiishika kichwani spika zinapiga mluzi. Je, aige sauti ya Marijani?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Asiige. Kinachotakiwa ni maneno yasikike, maana nyimbo zile ni visa, na msikilizaji akikosa ubeti mmoja kisa kimempotea. (Kigoma nanyi msisahau wa kwenu: mwanamuziki Shem Karenga alipitia bendi ya Lake Tanganyika Jazz kabla ya kwenda Tabora Jazz.)

Maiki ikae sentimita tano hadi kumi kutoka mdomoni, na akipaza sauti arudi nyuma kidogo. Ukaribu huongeza besi, hivyo fundi akate sauti zilizo chini ya hezi 100. Mkono ushike mpini tu. Ukifunika wavu unaziba matundu ya nyuma, maiki inaanza kusikia pande zote, ikiwemo spika. Monita, yaani spika ya mwimbaji kujisikia, ikae mbele yake, ikiutazama mkia wa maiki. Ukumbi wenye bati na sakafu ya saruji una mwangwi wake tayari, kwa hiyo mwangwi wa mashine uwe kidogo sana, kisha mpime tena watu wakishajaa.